Mama Mwenye Nyumba

Mvua ya Kaohsiung haitoi taarifa. Siku ile ilishuka saa sita mchana, soko zima likakimbilia chini ya mabati, na Pei-chun akatoka kwenye mgahawa wa tambi mdomo bado unamwaka pilipili, akakuta mwavuli wake haumo kwenye ndoo ya mlangoni.

Ilibaki miavuli minne, yote ya watu wengine. Wake ulikuwa wa kijani, mpana kama meza, umeandikwa jina la kampuni ya lifti kwa herufi nyeupe ambazo mtu angeziona toka ng'ambo ya barabara. Na kweli aliziona toka ng'ambo ya barabara. Zilikuwa zinaelea juu ya vichwa vya watu, zikampita muuza bata, zikampita muuza vitambaa, bila haraka yoyote.

"We dada! We dada wa mwavuli!"

Mwavuli haukugeuka. Pei-chun akakimbia kwenye maji, buti za kazi zikirusha tope kwenye mapaja ya watu, hadi akaushika ule mwavuli kwa ncha. Chini yake alikuwepo msichana wa gauni la manjano na raba nyeupe, amekumbatia mfuko wa mikate kifuani.

"Unaniita mimi?"

"Kuna mwingine aliyeiba mwavuli hapa?"

"Nani kaiba? Huu ni wangu."

"Inua kichwa usome."

Msichana akainua kichwa, akasoma taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza. "Lifti... salama... kila ghorofa." Akayasoma tena. "Aa."

"Unafanya kazi kampuni ya lifti?"

"Hapana. Natengeneza meno ya bandia."

"Basi mwavuli wako uko wapi?"

Akafikiri kwa dhati kabisa, nyusi zimekunjamana. "Wangu uko nyumbani. Leo sikutoka na mwavuli."

Pei-chun alitaka kukasirika zaidi lakini kicheko kilimponyoka. Hapo simu ikalia. Alikuwa Tsai, fundi mwenzake wa lifti. "Uko wapi wewe? Huyu mama aliyekwama ghorofa ya tisa anapiga kelele, anataka kwenda chooni!"

"Nakuja!" Akamgeukia msichana. "Nina haraka, na wewe utalowa. Twende wote, ukifika kwenye jengo utasubiri mvua ikatike."

Msichana hakusubiri chini. Alipanda ngazi ghorofa tisa na mikate yake, akaketi sakafuni mbele ya mlango wa lifti, akaanza kuzungumza na yule mama kupitia ufa wa mlango huo. Alimuuliza meno yake ya bandia yanambana wapi, alimweleza namna ya kuyasafisha, akamchekesha. Dakika arobaini Pei-chun na Tsai walihangaika na nyaya huko juu, na dakika zote hizo mama hakupiga kelele hata moja.

"Huyu nani?" Tsai aliuliza.

"Mwizi wa mwavuli," Pei-chun alisema, na masikio yakamwaka moto.

Jina lake lilikuwa Kuan-ju. Hakuwa na uwezo wa kumwambia mtu yeyote neno la kumuudhi, na hiyo ndiyo sifa iliyomvuta Pei-chun siku ile ya kwanza. Miaka sita baadaye ndiyo hiyo hiyo ilikuwa karibu kumtia kichaa.

Walipanga nyumba pamoja ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti, jambo ambalo Tsai hakuchoka kulicheka. Kuan-ju alichelewa kila mahali. Aliacha taa zikiwaka, aliloweka mchele akausahau, alijibu "ndiyo, nakuja" hali bado amevaa kandambili. Pei-chun aligomba, Kuan-ju akamshika uso kwa viganja vyote viwili akamwambia, "Kipenzi, ukikunja uso hivyo unafanana na lifti iliyokwama," na ugomvi ukafia hapo.

Ila kila Jumapili baba alipiga simu.

Mwalimu Kuo alikuwa mkuu wa shule mstaafu, mjane, aliyelima matufaa huko Pingtung kusini. Mara ya kwanza alipopiga, Kuan-ju alikuwa bafuni, na Pei-chun akapokea bila kufikiri.

"Wewe nani?" sauti ikauliza.

Kuan-ju akachungulia, povu hadi masikioni, akinong'ona kwa hofu: "Mwenye nyumba! Sema mwenye nyumba!"

"Mimi... mwenye nyumba," Pei-chun akasema, na kwa sababu alidhani wenye nyumba ni watu wazima, akaikaza sauti.

Basi kuanzia siku ile akawa mama mwenye nyumba. Mwalimu Kuo alimpenda sana huyo mama. Alimuuliza kama Ju anakula asubuhi, kama anarudi mapema, kama kuna kijana yeyote mwenye adabu anayemtembelea. Alimtumia masanduku ya matufaa mekundu, kila tunda limefungwa kwa karatasi yake. Siku nyingine, Kuan-ju akiwa hayupo, alimweleza jinsi mkewe alivyougua. Pei-chun alisikiliza akiwa ameegemea friji, akiitikia kwa sauti ya bibi wa miaka sitini.

"Utamwambia lini?" alimuuliza Kuan-ju.

"Baada ya mwaka mpya."

"Mwaka mpya upi, Ju? Tumeshakula mitano."

"Usinibane, mpenzi. Ana shinikizo la damu."

"Na mimi nitakuwa nalo sasa hivi."

Kisha ikaja Novemba ya mwaka 2018. Mahakama ya katiba ilikuwa imeshalipatia bunge miaka miwili litunge sheria ya kuwaruhusu watu wa jinsia moja waoane, na waliopinga wakapeleka jambo lile kwenye kura ya maoni. Siku moja, maswali kumi, karatasi kumi mkononi mwa kila mpiga kura. Na Taiwan mtu hapigi kura anapoishi, hupiga pale jina lake lilipoandikishwa. Pei-chun alitakiwa aende kwa mama yake Yunlin, Kuan-ju aende kwa baba yake Pingtung.

"Utapiga," Pei-chun alimwambia stesheni, akimfunga kola. "Hata likianguka jua."

"Nitakwenda, Pei. Tiketi hii hapa."

Yunlin foleni ilizunguka uwanja wa shule mara mbili. Pei-chun alisimama na mama yake kwa muda wa saa mbili unusu. Waliporudi nyumbani, mama akiwa anamenya karanga, Pei-chun akauliza kwa upole, "Mama, zile karatasi za ndoa ulipigaje?"

"Nilikubali."

"Ulikubali ipi? Kulikuwa na zinazosema tuoane na zinazosema tusioane."

"Zote."

"Zote kumi?"

"Kijana wa pale kituoni alikuwa mpole sana, nikaona haya kukataakataa. Nikaweka 'naafiki' kila mahali."

"Mama! Umekubali nioe na umekubali nisioe!"

"Basi si umebaki palepale? Sijakuharibia kitu. Kula karanga."

Usiku matokeo yalipotoka, walikuwa wameshindwa vibaya. Kesho yake Kuan-ju alirudi macho yamevimba. Walikumbatiana mlangoni, viatu bado miguuni.

"Foleni ilikuwaje kwenu?"

"Ndefu. Nilisimama zaidi ya saa moja," Kuan-ju alisema, akauficha uso wake shingoni mwa Pei-chun. Walilia pamoja, wakapika uji wa wali, wakaulia kitandani kama wagonjwa.

Jumanne jioni simu ya Kuan-ju ililia mezani. Mwenyewe alikuwa amekwenda dukani kununua mayai.

"Mama mwenye nyumba, samahani kwa usumbufu," alisema Mwalimu Kuo. "Tumbo la Ju limepoa?"

"Tumbo?"

"Hakukwambia? Jumamosi alitoka kwenye foleni mbio, amejishika tumbo. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nagawa zile karatasi za kura ya maoni, walimu wastaafu ndio tunaoitwa. Nilimwona, walikuwa wamebaki watu watatu tu afike mezani kwangu. Nikampungia mkono! Mara akageuka, akaondoka. Hakurudi kupiga kura. Majirani wote wameona. Aibu kidogo, lakini ugonjwa ni ugonjwa."

"Hakupiga," Pei-chun alisema. Alikuwa amesahau kukaza sauti.

"Mama, umepata mafua?"

"Ndiyo, Mwalimu. Mafua."

Kuan-ju aliingia na mayai, gauni la bluu, nywele zimebanwa kwa pini ya mbao, anaimba chini chini. Alipomwona Pei-chun amesimama katikati ya chumba na ile simu mkononi, akaacha kuimba.

"Tumbo lako limepoa?" Pei-chun aliuliza.

"Pei..."

"Nimekuuliza tumbo."

"Sikukudanganya. Nilisema nilisimama foleni, na nilisimama."

"Wacha wee! Unanipangia maneno kama wakili? Nilikulaza kifuani kwangu, nikakubembeleza, tukalia wote! Ulikuwa unalilia nini?"

"Nililia kweli."

"Ulimkimbia baba yako."

"Alikuwa ananipungia mkono!" Sauti ya Kuan-ju ilipasuka. "Angenikabidhi karatasi ile kwa mkono wake mwenyewe. Kwa tabasamu. Nisimame mbele yake niichukue, halafu nikaweke alama kwamba—sikuweza, Pei. Na kura moja isingebadilisha chochote, uliona mwenyewe walivyotuzidi."

"Sikuhitaji ibadilishe nchi!" Pei-chun alipiga kelele hadi jirani wa chini akagonga dari. "Nilihitaji mtu mmoja katika nchi nzima aweke alama kwa ajili yangu. Mmoja! Nawe hukuweza kwa sababu baba alikupungia mkono. Miaka sita mimi ni mama mwenye nyumba. Nina miaka thelathini na sita, Ju, nina sauti ya bibi kizee kwenye simu!"

"Nipe muda."

"Sina muda mwingine. Umeumaliza."

Kuan-ju akayaweka mayai mezani polepole, moja lilikuwa limeshavunjika ndani ya mfuko, akaenda kukusanya nguo. Alihamia chumba kilichokuwa juu ya karakana ya meno. Alipiga simu mara tisa wiki ya kwanza, na Pei-chun hakupokea. Ya kumi hakupiga.

Miezi ikapita. Taa za nyumbani zikawa zinazimwa, mchele unapikwa siku uliyolowekwa, hakuna aliyechelewa, na Pei-chun hakuwahi kuishi vibaya hivyo. Aligombana na mafuta ya mashine, aligombana na wakazi wanaozuia milango kwa baiskeli, aligombana na Tsai kwa jinsi anavyotafuna.

"Mpigie basi," Tsai alisema.

"Kwa nini nipige mimi?"

"Kwa sababu mimi nimechoka. Nina mke wangu nyumbani wa kunigombeza, sihitaji wawili."

Mwezi wa tano, kwa kuwa kura haikufuta amri ya mahakama, bunge likapitisha sheria, kabla tu ya muda wa mahakama kwisha. Ilikuwa Ijumaa mchana. Tsai alikuja na simu yake hadi shimoni chini ya lifti, akamwonyesha Pei-chun picha ya maelfu ya watu wamelowa mvua huko Taipei, wanakumbatiana. "Mmepewa," alisema. "Tarehe ishirini na nne mnaanza kuandikishwa."

Pei-chun aliangalia, akafuta mikono kwa tambara, akaiangalia tena.

"Nimepewa nini?" alisema. "Miaka yote nasubiri duka lifunguliwe. Limefunguliwa, na mimi sina wa kwenda naye." Akainama kukaza boliti ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Siku tatu baadaye walikuwa wanatengeneza lifti ya jengo la ghorofa kumi na mbili. Pei-chun alikuwa juu ya chumba cha lifti, amefunga mkanda wa usalama, kati ya ghorofa ya sita na ya saba, aliposikia mlango ukifunguliwa chini yake na kufungwa. Kisha umeme ukakatwa.

"Tsai! Nani kaingia?"

"Abiria," Tsai alijibu kwa mbali.

"Lifti imefungwa kwa matengenezo, huoni kibao?"

"Mwambie mwenyewe. Nawapa dakika kumi."

Pei-chun akafungua kile kidirisha cha darini, akamulika tochi. Kuan-ju alikuwa chini, amevaa suruali nyeusi na shati jeupe lililopigwa pasi kama la mtu anayekwenda kuomba kazi. Alikuwa amekonda. Alikuwa pia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, amewahi mahali.

"Pei."

"Nina spana mkononi, Ju."

"Naiona."

"Sema ulichokuja kusema."

"Zima hiyo tochi kwanza, inaniumiza macho."

"Sizimi."

Kuan-ju akaweka kiganja juu ya macho. "Jumapili nilikwenda kwa Baba. Alikuwa shambani anafunga matufaa karatasi. Nikamwambia hakuna mama mwenye nyumba."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza, amekufa lini?"

Pei-chun aliuma mdomo. "Na wewe?"

"Nikamwambia, hapana Baba, hajafa, hajawahi kuwepo. Akasema, basi nimekuwa nikimtumia nani matufaa? Nikasema, mtu ninayempenda. Ninayelala naye kitanda kimoja tangu nilipokuwa na miaka ishirini na tano. Anaitwa Pei-chun, anatengeneza lifti. Nikamwambia na ile foleni pia, kwamba sikuumwa tumbo, nilimwogopa yeye."

Huko juu kamba za chuma ziliguna kidogo. Mahali fulani mtoto alikuwa anajifunza kupiga piano, noti zile zile tatu.

"Akafanya nini?"

"Akaendelea kufunga matufaa. Nikadhani hakusikia. Halafu akasema yeye alipiga kura tusioane, na angekuwa anajua ni mimi, angepiga vilevile. Akasema nisimwambie mtu kijijini. Akatazama saa, akaniambia basi la saa nne litaniacha." Kuan-ju alishusha mkono, na mwanga wa tochi ukamwonyesha machozi yanateremka bila yeye kuyafuta. "Hakunisindikiza kituoni, Pei. Hajawahi kutonisindikiza."

Pei-chun akaizima tochi.

"Ungeweza kuniambia ile siku ya kwanza," alisema gizani. "Ukarudi, ukasema, Pei, nimeshindwa, nilimwona nikakimbia. Ningekasirika. Ningevunja sahani. Lakini ningejua niko na nani."

"Najua."

"Na mimi..." Alihangaika na maneno kama mtu anayetafuta skrubu iliyoangukia shimoni. "Nami nilikubali kuwa mwenye nyumba. Hakuna aliyenishikia kisu. Niliipenda ile sauti yake, alivyokuwa ananiuliza mambo. Niliogopa akijua hatapiga tena. Nimekulaumu wewe peke yako, hali tulidanganya wawili."

"Ulinilaumu kwa kelele sana."

"Usianze, Ju."

"Jirani bado ananikumbuka, nilikutana naye sokoni, ameniuliza mayai yalikuwa mangapi."

Pei-chun alicheka kwa pua, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akalazimika kujifuta kwa mkono wenye grisi.

"Ijumaa ofisi zinaanza kuandikisha," Kuan-ju alisema.

"Ijumaa nina lifti tatu."

"Basi Jumatatu."

"Hivyo ndivyo watu wanavyochumbia? Kama anayepanga siku ya kumuona daktari?"

"Shuka basi nipige magoti."

"Usipige magoti, hiyo sakafu ina mafuta, na shati jeupe hilo nitalifua mimi."

"Kwa hiyo utakuwa unafua mashati yangu?"

"Sijasema!"

"Umesema, kipenzi. Nimesikia."

Sauti ya Tsai ikapanda toka chini: "Dakika kumi zimekwisha! Kuna watu huku wana mboga na mtungi wa gesi, wanauliza kama yule aliye juu amejibu!"

"Mmewaambia watu?" Pei-chun alipiga kelele.

"Sijawaambia! Shimo zima linasikika!"

Kuan-ju alikuwa amenyanyua uso gizani, ametulia, mikono kando. Hakumbembeleza wala hakumharakisha.

"Ndiyo," Pei-chun alisema. Halafu, kwa nguvu, ili ghorofa zote kumi na mbili zisikie: "Ndiyo, jamani! Nimekubali! Washa umeme!"

Jumatatu ya tarehe ishirini na saba walisimama kwenye ofisi ya usajili, Pei-chun katika koti la kijivu aliloazima kwa Tsai, Kuan-ju katika gauni jekundu la hariri lenye vifungo vya kamba. Mashahidi walikuwa wawili, Tsai na mama yake Pei-chun, aliyetoka Yunlin alfajiri na kikapu cha karanga kwa ajili ya maofisa.

Saa nzima ilipotea kwa fomu. Mama aliandika jina lake mahali pa bi harusi. Wakapewa fomu nyingine. Tsai akaandika anwani ya kazini. Fomu ya tatu Kuan-ju aliidondoshea chozi, wino ukatambaa.

"Jamani, karatasi ziko za kutosha," alisema yule ofisa kijana, "lakini nafunga saa sita."

"Tokeni hapo wote," Pei-chun akasema. "Mama, keti. Tsai, usiguse kitu. Ju, lilia huko pembeni." Akaijaza ya nne mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wa mtu anayejaza ripoti ya ukaguzi, kisha akawashikisha kalamu mmoja mmoja, akiwaonyesha kwa kidole pa kutia saini. Mhuri ukagonga. Ofisa akasema, "Hongereni," mama akapiga makofi peke yake, watu wa foleni ya nyuma wakamfuata, na Pei-chun, aliyekuwa amepanga kutulia, akajikuta anapiga makofi pamoja nao.

Nje jua lilikuwa linachoma lami. Tsai alimchukua mama kwenda kutafuta kivuli. Kuan-ju alitoa simu, akampigia baba yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya basi la saa nne.

"Baba. Tumeandikishwa."

Pei-chun, aliyesimama karibu, alisikia tu upepo na mbwa mmoja akibweka huko Pingtung. Kisha Kuan-ju akampa simu, ameduwaa. "Anasema nikupe."

"Mwalimu," Pei-chun alisema kwa sauti yake mwenyewe.

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na saba."

"Nilidhani umenizidi." Mzee alikohoa. "Nimekueleza mambo ya marehemu mke wangu ambayo sijamweleza hata kaka yangu. Nilidhani naongea na mtu mzima mwenzangu."

"Uliongea na mimi, Mwalimu."

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya umri na nyumba. Nisamehe kwa hayo. Lakini nilikusikiliza kweli, na siku ile uliyonieleza habari za hospitali nililia kweli, nikasingizia vitunguu."

Mbwa aliendelea.

"Sikukubali jambo lenu," mzee alisema. "Usije ukadhani nimekubali."

"Nimesikia."

"Na kijijini sisemi."

"Sawa, Mwalimu."

"Na usiniite Mwalimu. Mwalimu naitwa na watu baki."

Pei-chun aliibana simu sikioni. Jasho lilikuwa linamteremka ndani ya koti la Tsai. "Nikuite nani basi?"

"Sijui," alisema mzee kwa hasira, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo halimo kwenye kitabu. "Nitajuaje? Bado nafikiri. Pigeni Jumapili." Akakata.

Kuan-ju alikuwa amemshika mkono wa koti kwa mikono yote miwili. "Amesema nini? Pei! Amesema nini?"

"Amesema tupige Jumapili."

"Saa ngapi?"

"Hakusema saa ngapi. Ju, usianze. Usilie hapa, hebu tazama, tumeegesha pikipiki mahali pasiporuhusiwa na askari yule pale anakuja. Panda. Panda, mke wangu, nitakusikiliza njiani."